Kibanda Kilichoangalia Barabara

Wangeci mwanangu,

Umeenda Makongeni kusukwa, na najua ukikaa kwenye kile kiti hutarudi kabla jua halijaanza kuzama. Kwa hivyo nimepata nafasi. Nimeinjika maharagwe, nimefungia kuku mapema wasinisumbue, na nimekaa hapa mezani na kalamu. Ningekutumia haya kwa simu, lakini wewe ukiandikiwa maneno mazito kwa simu unajibu na kale kapicha ka uso unaocheka mpaka unatoa machozi. Leo sitaki kale kapicha.

Sitakuambia habari za sweta, wala za kanisa utakaloenda, wala za kula. Ruiru si ng'ambo. Mtu anatoka hapa Gatuanyaga, anapita Thika mjini, anashika barabara kuu, na akifika chai yake ya chupa bado ina moto. Nataka kuandika jambo moja tu, na kwa kuwa lina aibu kidogo nitalisema upesi kabla sijabadilisha nia. Nina wivu. Namwonea wivu Tata yako Wairimu, dada ya marehemu baba yako, ambaye kesho unahamia kwake ili mfanye pamoja kazi yake ya kujengea watu vibanda vya vifaa vya trekta. Huu si wivu wa jana. Umekaa nasi humu ndani miaka mingi, na wewe ulidhani ni ukali wangu wa kawaida.

Jana ulipokuwa unakunja nguo uliniuliza, "Mami, umenikasirikia?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi niambie tu niende na roho safi." Nikachukua ndoo nikaenda kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Uliona. Na mimi nimeshinda leo nzima nikitafuta jibu ambalo si uongo.

Labda nianze na jina lako. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Wewe ulikuja wa kwanza, ukawa Wangeci wa upande wao. Kwa sababu umebeba jina la mama yake, Wairimu hukuita "maitu," yaani mama yangu, tangu ukiwa bado kwenye shuka. Ni haki yake na hakuna wa kumkataza. Anaingia hapo langoni akiita, "Maitu ako wapi?" na wewe unatoka mbio hata kama una sabuni mikononi. Mimi niliyekuzaa nakuita Wangeci tu, kama mwalimu anayesoma majina darasani. Nilikuwa nangoja wa pili, ili na mimi niwe na mtoto wa kumwita mama yangu. Baba yako akafariki kabla huyo wa pili hajaja. Sijawahi kukuambia, kwa sababu si kosa lako, na nikiwa na haki kidogo hata si kosa la Wairimu.

Baba yako alituachia trekta, plau ya diski, haro ya kuvunjia mabonge na trela. Watu walikuja hapa kwenye matanga wakiangalia trekta kuliko jeneza, kila mmoja akidhani ni yeye nitakayemuuzia. Sikuuza. Mutua dereva alinifundisha kuiendesha kwenye shamba la nyuma, akicheka mpaka anashika tumbo, na msimu uliofuata nilikuwa nalimia watu mpaka Ngoliba. Lakini vifaa vilikuwa vinalala nje, chini ya mparachichi, vimefunikwa turubai kuukuu. Kila masika tulianza kwa kukwangua kutu na kupaka oili chafu, na diski za plau zilikuwa zinaisha kwa kutu kuliko kwa kulima. Hayo unayakumbuka, mikono yako ilikuwa inanuka oili hata shuleni.

Kisha Wairimu akatualika Ruiru. Yeye hakuwa na trekta, alikuwa anakodisha vifaa kwa watu wenye trekta wasio na plau, na alikuwa amejenga kibanda kwenye ile yadi yake. Alialika watu wa kanisa wakiombee. Ukikiangalia leo ni kitu cha kawaida tu: nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, mabati juu, nyuma na pembeni pamezibwa kidogo, mbele wazi kuelekea lango. Lakini alikuwa ameosha vifaa vyote na kuvipanga kwa mstari, vimepakwa rangi nyekundu na buluu, na chini amemwaga udongo wa maramu na kuushindilia. Wamama walikuwa wanapita hapo wakigusa mabomba ya planta, ile mashine ya kupandia mbegu, kama wako dukani. Mchungaji akasema, "Huyu mama ana mpango." Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai na andazi, na lile andazi nikalirudisha kwenye sahani.

Sikumuuliza Wairimu swali hata moja. Hapo ndipo penye somo lote la barua hii, kama kuna somo. Nilipima kile kibanda kwa macho kutoka nilipokuwa nimesimama, nikahesabu nguzo moyoni, nikaangalia mteremko wa paa nikijifanya naangalia ndege. Sikuenda nyuma yake. Kwenda nyuma ingekuwa kukubali mbele ya watu kwamba kimenivutia. Na uliponivuta mkono ukisema, "Mami, kuja uone huku nyuma," nilikuambia uache kunichafua nguo.

Wiki iliyofuata fundi alikuwa hapa. Nilitaka kama cha Wairimu, ila kikubwa zaidi. Yeye alikuwa ameziba pembeni nusu, mimi nikaziba pande tatu mpaka chini kabisa, nikapaka kijani. Fundi akaniuliza, "Mama, mbele tuangalishe wapi?"

"Barabarani. Watu waone."

"Na mvua ya hapa inatokanga wapi?"

"Wewe jenga. Mvua itajijua."

Nilitaka mtu akipita na pikipiki apunguze mwendo. Na walipunguza, Wangeci, usidhani hawakupunguza. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye kibanda. Nilikuwa naamka asubuhi na kikombe changu naenda kusimama barabarani, ng'ambo, niangalie boma langu kama mgeni. Nilimwalika Wairimu kwa makusudi. Alikuja, akaangalia, akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaufunga akasema, "Imetoka smart." Sasa najua alichotaka kusema. Wakati ule nilifikiri ni wivu umemziba mdomo, na nikalala usingizi mtamu.

Masika ilikuja kutoka upande wa mlima Kilimambogo kama inavyokujaga kila mwaka tangu tuhamie hapa. Kwa Wairimu, ng'ambo ya lango lake, kumejaa maghorofa, na upepo ukifika kwake umeshagonga kuta za watu mpaka umechoka. Hapa kwetu hakuna ghorofa. Kuna mashamba, na barabara, na kibanda changu kikiwa kimeupanulia ule upepo mdomo. Uliingia mbele, ukakuta pande tatu zimefungwa mpaka chini, ukakosa pa kutokea, ukatokea juu. Tulisikia misumari ikilia kabla hatujaona. Mabati mengine tuliyapata kwenye mahindi ya jirani, na mawili yalilala katikati ya barabara, pale pale nilipotaka watu waone.

Vifaa vyenyewe vililowa siku hiyo kuliko vilivyowahi kulowa chini ya mparachichi.

Nakuja sasa kwa jambo ambalo hulijui, ama labda unalijua na umeninyamazia. Siku ya pili Wairimu alisikia, akaja na pikapu na mabati aliyobakisha na kamba na waya. Nilimwona akishuka langoni. Nikamwambia Mutua, "Sema nimeenda Thika," nikaingia zizini nikachuchumaa nyuma ya ng'ombe, mimi mtu mzima, mwenyekiti wa kikundi cha wamama. Nilikuwa nataka tu aende. Lakini wewe ulimletea kiti, ukamletea chai, mkakaa hapo hapo kando ya zizi, na mimi ndani nikisikia kila neno kupitia mbao.

"Maitu, leta kijiti," akakuambia. "Ona. Hii ni Kilimambogo. Upepo inatoka huku. Sasa shed ikiangalia huku, inafanya nini?"

"Inakula upepo."

"Ndio hiyo. Mgongo ndio inafaa kuangalia huku. Na hapo juu, chini ya mabati, unawacha nafasi, upepo ikiingia iwe na mahali ya kutoka. Na hizi mbao za juu unafunga na waya kwa nguzo. Msumari peke yake haiwezi."

"Si ungemwambia Mami?"

Wairimu akaweka kijiti chini. "Mami yako hakuniuliza. Na mimi nikimwambia bila kuuliza, ataona namdharau. Wewe ndio utamwambia, lakini polepole."

Kisha mkacheka, sijui mlicheka nini. Ng'ombe alikuwa ananipiga mkia usoni. Sikuwa nimekasirikia kibanda tena, mabati ni mabati. Nilikasirika kwa sababu mlikuwa mmeinamia matope pamoja, vichwa vinakaribia kugusana, mkizungumza juu yangu kwa upole. Watu wawili wanaonihurumia, na mmoja ni mtoto wangu. Nilikaa humo mpaka pikapu ikaondoka, na nilipotoka Mutua aliangalia viatu vyangu, akaangalia juu, akasema, "Karibu kutoka Thika, Mama." Mshenzi sana yule.

Siku iliyofuata ulinijia jikoni ukasema, "Mami, nimefikiria kitu kuhusu hiyo shed." Ukanieleza yote, upepo, mgongo, nafasi ya juu, waya. Nikakusikiliza kama ninayesikia kwa mara ya kwanza, nikatikisa kichwa, nikakuambia tujaribu. Ulifikiri umenishawishi wewe. Kumbe na mimi nilikuwa nimefundishwa na Wairimu, tena kwa bure, nikiwa kwenye mavi ya ng'ombe.

Ulipokijenga upya nilikuwa naangalia kutoka dirishani. Ulikuwa umemaliza shule, fundi akawa msaidizi wako badala ya wewe kuwa wake. Uligeuza mgongo kuelekea Kilimambogo, ukafanya paa liwe chini upande huo na juu upande wa boma, ukachimba mashimo ya nguzo mpaka ukapita ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Ulipaka miguu ya nguzo oili chafu. Ulichimba mtaro nyuma. Nilijivuna, kwa kweli nilijivuna. Lakini kila nikitoka kukuuliza kitu, jibu lilikuwa linaanza na "Tata anasema." Tata anasema diski zisiguse udongo, ziwekewe mbao. Tata anasema plau ipakwe grisi siku ile ile inatoka shamba. Nilikuwa naweza kula chakula cha jioni na kusikia Tata anasema kutoka ugali mpaka sukuma wiki. Mutua akalishika neno hilo, ikawa kila asubuhi ananisalimia, "Mama, leo Tata anasema aje?"

Kuna kitu kimoja kwenye kile kibanda ambacho ni changu, na nataka ukibebe ukijua ni changu. Ulikuwa umeweka nguzo katikati ya upande wa mbele, kama ilivyo kwa Wairimu. Nikatoka ndani nikakuambia uing'oe. Ulishangaa. Ukasema, "Lakini kwa Tata iko hapo." Nikakuambia Tata yako hajawahi kuendesha trekta. Vifaa vyake husukumwa nje na vijana, mteja anavifunga kwenye trekta yake langoni. Hapa mtu anapiga rivasi mpaka ndani, na lazima arudi moja kwa moja mpaka mikono ya trekta ikutane na plau, na akikuta nguzo katikati atahangaika mara moja, mara ya pili ataacha plau nje kwenye mvua na kibanda kitabaki cha kuku. Nikakupandisha kwenye trekta, nikakuambia urudi mwenyewe. Uligonga ile nguzo. Ukashuka ukacheka, ukaing'oa, ukaweka boriti nene juu ya upande wote wa mbele, na paa ukaliinua lipite bomba la moshi. Siku hiyo ulisema "Mami anasema" mbele ya fundi. Uliisema mara moja tu na ukaendelea na kazi, lakini mimi niliingia jikoni nikapika chapati, na haikuwa Krismasi.

Ukifika Ruiru, ukijenga kibanda bila nguzo ya katikati, na mtu akakusifu, umwambie ni mama yako wa Gatuanyaga aliyekuambia. Usimwambie ni Tata. Natania, lakini si sana.

Kisha watu wakaanza kuja. Mwenye trekta wa kule chini, kisha yule wa upande wa Munyu, kisha kile kikundi cha wakulima, wote wakitaka binti mwenye vibanda. Ningefurahi kabisa kama wangeishia hapo. Lakini kila mmoja akimaliza kukusifu alikuwa anaongeza, "Amefunzwa na shangazi yake, sio?" Na mimi nikiwa nimesimama hapo na birika. Nani alikuamsha saa ya shule? Nani alikukwangua kutu kwenye kucha Jumapili asubuhi? Nilikuwa nasema, "Ndiyo, shangazi," na meno yangu yanauma.

Wacha nikuambie kitu nilichokiona kwenye wivu, kwa kuwa nimekaa nao kuliko nilivyokaa na baba yako. Haukunifanya mvivu. Watu husema mwenye wivu hafanyi kitu, mimi ulinifanya nifanye kazi kama punda. Ubaya wake ni kwamba ulinifanya nione upande mmoja tu wa kitu cha mwenzangu, ule wa mbele. Sikuona maghorofa yanayomkinga Wairimu, wala goti lake linalomuuma, wala upweke wa nyumba yake ikishafungwa jioni. Na wewe utaonea watu wivu huko. Ruiru imejaa wasichana wa umri wako wenye nyumba na sofa. Ukihisi wivu unaanza, fanya ambacho mimi sikufanya: zunguka nyuma, halafu uliza. Utajisikia mdogo kwa dakika moja na itapita.

Na utakutana na mteja kama mimi. Atakuambia ugeuzie kibanda barabarani ili watu waone. Usimcheke na usimfundishe mbele ya watu. Zunguka naye bomani, umuulize mvua yake huanzia wapi, aonyeshe mwenyewe kwa mkono. Akishaonyesha kwa mkono wake hatageuza tena.

Sasa nije kwa Jumapili ile. Wairimu alikuja na mkate na sukari na mafuta ya kupikia, na mtu akija na mkate mkubwa hivyo najua ana neno. Akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia ng'ombe, mpaka nikamwambia, "Wairimu, sema."

"Mama Wangeci, nimekuja na ombi na usinijibu haraka. Hii kazi imenishinda peke yangu. Watu wanapiga simu kutoka Juja, kutoka Kilimambogo, wanataka shed. Na mimi siwezi panda juu tena, hii goti imekataa. Nipatie huyu msichana."

"Wangeci si debe ya maziwa upatiwe."

"Najua."

"Uko na yadi. Uko na jina. Kila mtu hapa anaimba Wairimu, Wairimu. Bado unataka na mtoto?"

Nilisema hivyo, na wewe ulikuwa jikoni, sijui kama ulisikia. Wairimu hakukasirika. Alishika mkate akaugeuza geuza, akasema, "Na wewe uko na mtu wa kukuletea chai. Mimi nikifunga lango jioni naongea na TV. Hata naijibu."

Ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye. Pale pale niliona wivu hata wa huzuni yake, kwa sababu ilikuwa huzuni kubwa kuliko yangu, na ilininyang'anya haki ya kukataa. Halafu ukaingia na chai. Ukamwekea sukari bila kumuuliza, vijiko vyake vile vile, ukakoroga, ukageuza mkono wa kikombe upande wa mkono wake wa kushoto kwa sababu anatumia kushoto. Mimi pia uliniwekea sukari. Niliacha sukari tangu daktari aniambie, Wangeci. Nilikunywa ile chai yote.

Ulipoulizwa kama ungependa kwenda, uliniangalia kwanza mimi. Hilo niliona, na nimeliweka. Lakini kabla hujaniangalia uso wako ulikuwa umeshajibu.

Tangu Jumapili hiyo nimekuwa mbaya. Nimekukosoa jinsi unavyofagia. Nimesema maghorofa ya Ruiru yanaanguka. Nimekuambia Tata yako anakoroma, na ni kweli, lakini sikuwa na sababu ya kukuambia wakati wa kula. Ukicheka kwenye simu naye nasikia kicheko ambacho hapa ndani hukitoi, na nazima redio ili nisikie vizuri, halafu najuta kwamba nimesikia. Mutua ndiye aliyeniambia jana, "Mama, huyu mtoto anaenda kazi, haendi kuzaliwa tena." Nikamwambia aoshe trekta.

Kwa hivyo swali lako la jana. Uliniomba nikuambie uende na roho safi. Roho yako ni safi, nenda nayo. Yangu si safi na sitakudanganya, maana ukinidai roho safi utangoja hapo langoni mpaka uzeeke. Nenda hivi hivi. Nitakusindikiza kesho nikiwa nimenuna, nitamsalimia Wairimu nikiwa nimenuna, na kama ataniita ndani kwa chai nitaingia nikiwa nimenuna. Hakuna mahali pameandikwa kwamba mama lazima afurahi ndipo mtoto aende. Hukukosea kumpenda. Mtoto hapungui akipendwa na watu wawili, hilo kichwa changu kinalijua kabisa. Ni sehemu nyingine za mwili ambazo bado hazijaambiwa.

Kuna jambo la mwisho, nalo nakuambia kwa sababu utalisikia kwake hata hivyo. Ulipotoka kwenda Makongeni, kabla sijakaa kuandika, nilimpigia Wairimu simu.

Alishika haraka. "Mama Wangeci. Kuna shida? Amekataa kukuja?"

Wangeci, ningeweza kusema ndiyo, amekataa. Neno moja tu lingetosha, na wewe ningekuambia Tata amebadilisha nia, na nyinyi wawili mngechukua miezi kujua ni mimi. Nilisimama na hilo neno mdomoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa Mkristo.

"Hapana," nikamwambia. "Anakuja. Lakini kuna kitu hujui kuhusu yeye."

"Kitu gani?"

Nikamwambia kwamba ukiugua husemi. Nikamwambia ulivyo tangu darasa la pili: ukiwa na homa unatoa nguo kabatini, zile zilizo safi, unaanza kuzifua. Kwamba mtu akikuuliza kama wewe ni mgonjwa utakataa na utafua kwa nguvu zaidi, kwa hivyo asiulize, aje tu kama anayepita, akuguse shingoni nyuma ya sikio. Ndipo joto lako huanzia, paji la uso hudanganya. Na kwamba ukishaguswa hapo unaacha beseni mwenyewe, unaenda kulala, na unataka mlango uachwe wazi.

Baba yako hakulijua hilo. Hata wewe sidhani unalijua. Katika mambo yote yako ambayo watu wameyaona na kuyasifu na kuyaita ya shangazi, hilo lilikuwa langu peke yangu.

Wairimu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuita watu langoni, "Ngoja. Ngoja nitafute kalamu."

Nikasikia akifungua droo, akifunga, akifungua nyingine. Nikangoja. Aliporudi nikaanza tena kutoka mwanzo, polepole, ili asikose neno.

Mama yako,
huyu wa Gatuanyaga